Hopsi kunuka nyasi: hatimaye nimepata dawa

Jamani nimehangaika misimu miwili na hopsi zangu (yale maua ya kutia bia uchungu na harufu) za aina ya Cascade hapa Oregon, Marekani, bia ikitoka inanuka nyasi na jibini badala ya ile harufu yake ya balungi. Nikajaribu kuzikausha kwa oveni, harufu yote ikaishia jikoni, nikaanika juani, zikapauka. Mwaka huu nimetandaza kwenye wavu, feni kwa chini, joto halikuzidi nyuzi 50. Ila siri ni kale kajiti ka katikati ya ua, majani ya nje yanawahi kukauka yanakudanganya kumbe kajiti bado kana unyevu, ukifunga mfukoni zinavunda. Sasa nakakunja, kakikatika ka! ndo natoa. Gramu 500 mbichi zilibaki kama 115. Nikanyonya hewa mfukoni, moja kwa moja friza. Juzi nimefungua chupa ya kwanza, balungi mpaka sebuleni.