Namna Ninavyoieleza Selimundu Yangu

Mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akijieleza. Hujieleza kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mwajiri, kwa jirani anayeshangaa kwa nini macho yake ni ya njano, na siku ikifika hujieleza kwa wakwe. Mimi ni mzaliwa wa Kyela, nina umri wa miaka 34, na kwa sasa ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa chai wilayani Rungwe, si mbali na mji wa Tukuyu. Nataka kueleza jinsi nilivyofikia hatua ya kuyatoa mwenyewe maelezo kuhusu mwili wangu, kwa kipimo ninachokitaka, kwa sababu kwa miaka mingi watu wengine ndio waliokuwa wakiyatoa kwa niaba yangu.

Utotoni niliitwa mtoto wa kuumwaumwa, na hapakuwa na maelezo zaidi ya hayo. Mikono na miguu ilikuwa ikivimba, mifupa inauma, nazunguka kati ya zahanati na nyumba ya bibi. Dada yangu aliyenitangulia alifariki kabla hajaanza shule, na hakuna aliyejua kilichomuua. Ndugu wa baba walisema ugonjwa umetoka kwa mama. Ndugu wa mama waliona kuna mkono wa mtu. Nilipokuwa darasa la tatu niliishiwa damu, nikapelekwa Mbeya, na baada ya kuongezewa damu nikapimwa na kukutwa na selimundu, aina ya SS. Daktari aliwakalisha baba na mama pamoja, akawaeleza kwamba kila mmoja wao amenipa nakala moja ya kinasaba chenye hitilafu, kwamba wao wenyewe ni wazima kwa kuwa kila mmoja ana nakala moja tu, na kwamba katika kila mimba yao kuna uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mwenye selimundu. Mama yangu hadi leo husema kwamba siku ile alirudishiwa heshima yake. Mimi nilipata jina la ugonjwa, lakini maana yake ilichelewa sana kunifikia.

Ilinifikia nikiwa sekondari, kupitia somo la baiolojia. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika Mashariki, yaliyoonyesha kwamba mtu aliyerithi nakala moja tu ya kinasaba cha selimundu ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea zaidi mahali ambapo malaria imekaa vizazi kwa vizazi. Anayeijua Kyela hahitaji kuambiwa zaidi: ni bonde la joto kando ya Ziwa Nyasa, lenye majaruba ya mpunga, maji yaliyotuama na mbu wa kutosha. Nilijiona kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye asili inayoelezeka. Mababu zangu waliokuwa na nakala moja waliponea malaria ambayo iliwaua wenzao, na mimi niliyepata nakala mbili, yaani SS, ndiye ninayelipa gharama ya uponyaji huo. Kwa bahati mbaya, kinga yenyewe hainifikii, kwa kuwa malaria kwa mtu wa SS ni hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, nilipoyajua hayo niliacha kujihesabu kuwa laana ya ukoo.

Kliniki ilinionyesha kwamba hatujioni sawa hata kidogo sisi tulio na hali hii. Kwenye benchi la kusubiri niliwahi kukaa na mzee mmoja fundi viatu aliyesema kwamba yeye si mgonjwa, ila huugua mara kwa mara. Mgonjwa, kwa hesabu yake, ni yule aliyelala kitandani wakati huo. Pembeni yake alikuwa binti wa chuo aliyevaa fulana yenye maandishi ya shujaa wa selimundu, aliyoipata kwenye maadhimisho ya tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani. Wamama wengi husema, “Mtoto wangu ana tatizo la damu,” na huishia hapo, hasa kama kuna jirani anayesikiliza. Na wako wasiosema lolote, ambao hata waume zao hawajui dawa zile za kila siku ni za nini. Simlaumu yeyote kati yao. Ushujaa nauheshimu, ila sikuweza kuuvaa, kwa kuwa nimeshuhudia vijana wakiuma meno na kukawia kwenda hospitali kwa kuwa shujaa halii. Mimi hujiita mtu mwenye selimundu, kisha naendelea na mazungumzo mengine.

Kuhamia Tukuyu lilikuwa jambo ambalo ndugu wote walilipinga, na walikuwa na sababu. Baridi na kulowana ni miongoni mwa mambo yanayochochea maumivu yetu, na Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi, ukungu na miezi ya Juni na Julai ambayo hata wenyeji huivalia makoti mazito. Lakini kazi ilikuwa huku. Mwenyekiti wa chama nilimweleza kabla sijasaini mkataba: kwamba naweza kupima na kuandika majani mabichi kutwa nzima, kwamba siwezi kusimama kwenye mvua nikisubiri lori la kiwanda, na kwamba nitakuwa na chupa ya maji mezani muda wote kwa sababu nahitaji kunywa takribani lita 3 kwa siku. Alikubali bila maneno mengi. Tatizo lilikuwa wakulima. Mwili wangu ni mdogo, kama ilivyo kwa wengi waliokua na selimundu, na msimu wa kwanza mkulima alikuwa akitundika gunia lake kwenye mizani, ananitazama, kisha anauliza, “Binti, karani yuko wapi?” Nilikuwa nikisoma kilo kwa sauti, naandika stakabadhi, naikata na kumkabidhi. Sikuona haja ya kumweleza habari za vinasaba mtu anayetaka kujua kilo zake.

Hospitalini mambo ni tofauti, kwa kuwa huko ukieleza kidogo unaweza kuumia. Kuna kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nilichofika usiku na maumivu ya nyonga na kiuno ambayo hayakuniwezesha kukaa, na aliyenipokea akaona sina homa, sina jeraha, na naitaja kwa jina dawa ya maumivu ninayoihitaji. Alinishuku kwamba nimezoea dawa. Maumivu ya selimundu hayana alama ya nje. Chembe nyekundu zilizopinda huziba mishipa midogo ya damu, sehemu ya mwili inakosa oksijeni, na anayeyajua ni mwenye mwili peke yake. Baada ya usiku huo niliandika karatasi, nikaipigisha lamineti pale mjini, na sasa hukaa ndani ya kadi yangu ya bima. Inasema hivi: “Nina selimundu aina ya SS. Damu yangu ya kawaida ni kati ya gramu 7 na 8. Nikifika hapa ujue nimekwisha kunywa maji na dawa za nyumbani na hazikunisaidia. Joto langu likipita nyuzi 38, nikibanwa kifua, au nikilegea upande mmoja wa mwili, naomba daktari aitwe mara moja. Mtu wa kumpigia ni huyu.” Chini yake kuna namba ya simu ya mume wangu. Nimeiandika kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, kwa makusudi, kwa kuwa nilikwisha kuona kwamba ninapobembeleza naonekana mdanganyifu. Karatasi hiyo imenipunguzia maswali, na imempunguzia mume wangu kazi ya kunisemea ninapokuwa siwezi kusema.

Huyo mume alipatikana kwa mazungumzo marefu zaidi kuliko yote. Alipotamka habari ya ndoa nilimwomba jambo moja kabla ya mahari kutajwa, akapime aina ya himoglobini yake, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Nilimweleza hesabu yenyewe waziwazi: akiwa AA, yaani hana kinasaba hicho kabisa, watoto wetu wote watabeba nakala moja kutoka kwangu na hakuna atakayeugua, akiwa AS, yaani ana nakala moja, kila mtoto atakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa kama mimi. Alikwenda Mbeya, majibu yakatoka AA. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe iliyobaki ilikuwa ya ukoo.

Kwa desturi ya Wanyakyusa mkwe wa kike humheshimu baba mkwe kwa kumkwepa. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na zamani aliiacha njia mara aliposikia kwamba anakuja. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, lakini nyumba ya mume wangu huko Busokelo bado huishika. Kwa hiyo sikuweza kwenda kumweleza mzee mwenyewe, na mshenga tuliyemtuma alirudi na habari kwamba mzee amesikia kuwa binti wa Kyela ana damu mbovu na hatadumu. Aliyeweza kuzungumza nami ni shangazi yake mume wangu, ambaye mzee humsikiliza. Alikuja nyumbani kwetu, akala, kisha akauliza bila kuzunguka, “Mwanangu, ukilala kitandani nani atamtunzia kijana wetu watoto?”

Swali lilikuwa la haki, nikalijibu hivyo. “Shangazi, nitaugua, hilo sikufichi. Nikiugua atawatunza yeye, na mama yangu, na wewe ukipenda.” Aliguna. Kisha akauliza lililomleta hasa, yaani kama watoto watakuwa kama mimi. Nilichukua maharage jikoni, nikaweka meusi mawili kwenye sahani yangu na meupe mawili kwenye sahani ya kijana wao, nikamwomba achukue moja kila upande. Alipata moja jeusi na moja jeupe. Alirudia, akapata vilevile. Nikamwambia, “Huyo ndiye mjukuu wako, anabeba lakini haugui.” Akataka kujua ingekuwaje kama kijana naye angekuwa anabeba, nikabadilisha haragwe moja kwenye sahani ya pili, nikamfumbisha macho, akaanza kuchota. Jeusi na jeusi. Jeusi na jeupe. Jeusi na jeusi tena. Akafumbua macho akasema, “Kumbe kila mimba na bahati yake.” Kauli hiyo ilinipa faraja, kwa sababu wako wasomi wengi wanaoamini kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa watatu wanaofuata lazima wawe wazima. Alichomwambia mzee sikukisikia. Mahari ilipokewa kabla ya msimu wa mvua kuanza.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kupata nafuu nako kunahitaji kuelezwa. Tangu nilipoanzishiwa haidroksiyurea, dawa inayouamsha mwili kutengeneza tena himoglobini ya kichanga ambayo haipindishi chembe, maumivu makali yamekuwa ya nadra. Hupimwa damu mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe, na nilipotaka kubeba mimba daktari aliisitisha. Watu waliozoea kuniona nikiumwa walianza kusema nimepona. Kanisani niliombwa nisimame kutoa ushuhuda wa uponyaji. Nilisimama, nikamshukuru Mungu kwa afya, kwa madaktari na kwa dawa ninayomeza kila jioni, nikasema kwamba selimundu bado ninayo, nikakaa. Baadhi ya waumini hawakupendezwa. Lakini kati ya waliokaa mbele yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa SS, na nilijua kwamba nikisema nimepona, kesho ataacha kliniki. Macho yangu bado yana unjano, na jirani akiuliza humwambia kwamba chembe nyekundu za mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi, ila zangu huvunjika mapema mno, na rangi inayotokana na kuvunjika huko ndiyo anayoiona. Wengi huridhika na jibu hilo kuliko na kimya.

Sasa tuna mtoto wa kiume wa miaka 4. Ujauzito ulikuwa mgumu, nikafuatiliwa hospitali ya rufaa hadi mwisho, na yeye ni mzima, aina ya AS kama ilivyotarajiwa. Nimeandika herufi hizo kwa wino kwenye jalada la kadi yake ya kliniki. Mume wangu anaona tumwambie akishakuwa kijana wa kuoa, kwa kuwa ndipo zitakapomhusu. Mimi nataka ajue kabla ya kuingia sekondari, ili ajizoeze kulisema jambo hilo kabla hajawa na sababu ya kuliogopa. Shangazi, kwa upande wake, anauliza kwa nini mtoto mzima aambiwe chochote. Bado hatujakubaliana.