Mtoto wa pwani nimeaibika Bonaire

Jamani, nimerudi Amsterdam jana, ngozi inabambuka kama kitunguu. Siku nane Bonaire, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi lakini wanatumia dola.

Kule kupiga mbizi hakuhitaji boti. Unakodi pikapu, unatupia mitungi ya hewa nyuma, unaendesha kando ya bahari hadi uone jiwe lililopakwa rangi ya njano lenye jina la mahali. Unavaa, unaingia majini kwa miguu yako. Basi! Hatua chache tu, matumbawe hayo. Chini ya gati la kupakilia chumvi nilikutana na kasa, akanitazama kama anayenidai.

Siku ya nne tukashukia Hilma Hooker, meli iliyozama 1984 baada ya kukamatwa ikiwa imebeba bangi. Imelala ubavu, kama mita 30 chini. Nilisikia pumzi yangu tu.

Sasa uvuvi. Mimi mzaliwa wa Tanga, babu mvuvi, nikajigamba mbele ya wenzangu Waholanzi. Saa moja baharini, nimetapika mpaka chai ya juzi! Samaki wawili aina ya fulusi walivutwa na mama wa miaka sitini hivi, mimi nimeshika ndoo. (Na si ya samaki.)

Jioni nahodha akatukaangia wale fulusi, na ndimu na pilipili. Nikala vipande vitatu, bila haya.

Picha ya ndoo siweki, msiniombe.