Nilivyoandika riwaya ya Ebedmeleki, na siku niliyoingia shimo la choo kwa hiari yangu

Watu wananiuliza inboksi niliwezaje kuandika riwaya ya mambo ya Biblia wakati mimi ni mwalimu wa historia tu wa sekondari hapa Morogoro, Yerusalemu sijakanyaga na Kiebrania changu kinaishia kwenye shalom na amina. Ngoja nisimulie, ila nasimulia kwa hasira kidogo maana ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea kama mwaka na nusu hivi.

Kuna jamaa mmoja mwandishi aliniambia chagua mhusika mkubwa, Daudi au Musa, ndio wanaouza. Nikamchukua Daudi. Nikaandika kurasa mia na arobaini na kitu na zote zilikuwa mbovu, kwa sababu Daudi kila mtu anamjua, kila nikitaka kubuni kitu naona kama wazee wa kanisa wamenisimamia mgongoni, alafu wahusika wote wanaongea Biblia ya Union, "naam bwana wangu, tazama, mjakazi wako amekuja", mpaka sokoni. Binti yangu alikuwa form two, akasoma ukurasa mmoja akaniuliza, "Baba, mbona hata mpishi anaongea kama nabii?" Nilinuna siku mbili. Zile karatasi zimewashia jiko la mkaa, na mama watoto hakuiba, nilimpa mwenyewe.

Ebedmeleki nilimpata ibadani. Mchungaji anahubiri Yeremia 38, yeye anakazania Yeremia kutupwa shimoni, mimi nimeganda kwenye matambara. Kama umesahau: Wababeli wamezingira Yerusalemu, Yeremia anawaambia watu jisalimisheni mpone, wakuu wanasema huyu anawavunja moyo askari, wanamshusha kwa kamba kwenye kisima cha Malkiya ambacho hakina maji ila tope, nabii akazama kwenye tope. Anatokea Ebedmeleki, towashi Mkushi, mgeni kutoka kusini ya Misri, huko ambako leo ni Sudan, anamfuata mfalme Sedekia langoni mwa Benyamini, anamwambia wazi kwamba watu hawa wamefanya vibaya. Anapewa watu thelathini. Na kabla ya kwenda kisimani anapitia chini ya hazina ya mfalme kuokota nguo kuukuu na matambara, anamshushia Yeremia, anamwambia ayaweke makwapani, kamba ije juu yake.

Sasa jiulize. Hatuambiwi huyu mtu ana umri gani, amefikaje Yerusalemu, hata jina lake maana yake ni "mtumishi wa mfalme", labda ni cheo tu. Lakini matambara tunaambiwa yalitoka chumba gani! Nikasema hapa kuna mtu aliona kwa macho. Nikaamua riwaya nzima itaning'inia kwenye yale matambara.

Kusoma nilisoma, hilo sina haja ya kulieleza sana, simu na bando tu. Ila makosa niliyojikamata nayo mwenyewe ni aibu kwa mwalimu wa historia. Sura ya kwanza nilikuwa na sarafu zinalia mfukoni mwa mlinzi. Sarafu zipi? Yuda ya wakati ule walipima fedha kwenye mizani, shekeli ni kama gramu 11 na kitu, na Yeremia mwenyewe aliponunua shamba la Anathothi alipima shekeli 17, imeandikwa sura ya 32. Nikafuta. Mishumaa nikafuta, nikaweka taa ya udongo na mafuta ya zeituni. Kuna sehemu mtumwa alikuwa anachoma mahindi, na mahindi yametoka Amerika miaka elfu mbili na zaidi baadaye, nikaweka shayiri na dengu. "Dakika tano" zilikuwa kama kumi na moja hivi kwenye kitabu, zote nje. Neno "meza" asili yake ni Kireno, hilo nililiacha, siwezi kuwa mwendawazimu kiasi hicho.

Kilichonisisimua mwili ni vigae vya Lakishi, mji wa Yuda wenye boma. Mwaka 1935 walichimbua kwenye magofu ya lango la Lakishi vigae vya vyungu vimeandikwa barua kwa wino, na kwenye mojawapo mtu anamwambia mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, maana Azeka hawaioni. Fungua Yeremia 34, utakuta miji yenye boma iliyobaki ni hiyo hiyo, Lakishi na Azeka. Alafu kwenye Mji wa Daudi pale Yerusalemu wakapata mihuri midogo ya udongo, mmoja 2005 na mwingine 2008, ina majina ya Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri. Hao ni wawili kati ya waliomtupa Yeremia shimoni! Usiku ule sikulala, nilikuwa nawachukia kama watu wa mtaani kwangu.

Lakini sura ya kisimani iligoma. Nimeiandika mara saba. Wanavuta, anatoka, basi, kama ndoo. Yule jamaa wa Daudi akaniambia "sali, usubiri uvuvio." Nikasubiri wiki tatu, uvuvio haukuja.

Jirani alikuwa anachimbiwa shimo la choo, futi kumi na mbili hivi, masika yakamkatiza, maji yakanywea yakabaki matope ya mfinyanzi chini. Shimo jipya kabisa jamani, lilikuwa halijatumika, naomba hili lieleweke. Nikanunua kamba ya katani, kama elfu kumi na tano, nikamwomba fundi na vijana wake wawili wanivute. Fundi akanitazama akasema, "Mwalimu, una stresi za mkopo?" Nikamwambia ni kazi ya kitabu. Akasema sawa, elfu tano tano.

Nikashuka kwa ngazi, nikasema toeni ngazi. Matope yakafika magotini. Nikajifunga kamba kifuani chini ya makwapa, mkavu mkavu, bila tambara, nikapiga kelele "vuta!" Ndugu zangu. Miguu haikutoka. Matope yanavuta chini, watu watatu wanavuta juu, mimi katikati ndio kamba yenyewe. Katani iliniuma makwapani kama msumeno, nikapiga kelele ambayo mama watoto aliisikia kutoka jikoni, na sisi nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara. Wakalegeza, nikarudi chini kwa matako, kandambili moja mpaka leo iko kule.

Nikasema sasa matambara. Nilikuwa nimechukua khanga chakavu mbili nyumbani (moja haikuwa chakavu, kesi hiyo ilikuja baadaye). Kijana akazirusha. Zikatua kwenye tope, pwaa! Zikalowa, zikawa nzito na telezi, nikizikunja makwapani zinachomoka kama kambare. Na hapo hapo, nimesimama kwenye tope, nikaanza kucheka peke yangu, fundi akadhani ndio nimeshapata yale aliyoyahofia. Kwa sababu nilikumbuka mstari: Ebedmeleki hakuyatupa. Aliyashusha kwa kamba! Nilikuwa nimesoma ule mstari labda mara mia mbili nikaona kamba ni mapambo tu. Kumbe ukirusha tambara kwenye tope umeliharibu, na yule mtu aliliwaza hilo akiwa bado ghalani.

Wakaleta magunia makavu, wakayafunga kwenye kamba, wakayashusha taratibu mpaka mikononi mwangu. Tofauti ni kubwa. Inauma, lakini ni maumivu ya mtu, sio ya mbuzi. Watatu hawakutosha, wakaongezeka wawili waliokuwa wanapita, na ikabidi nichezeshe mguu mmoja mmoja kwanza ili tope liachie. Na mimi nina kilo 88, Yeremia alikuwa anakula mkate mmoja kwa siku kutoka njia ya waokaji. Ndio nikaelewa na ile thelathini. Kuna tafsiri zinasema watatu, na wataalamu wanabishana. Mimi nikabaki na thelathini: watano wanavuta, ishirini na watano wamesimama wameangalia nje, kwa sababu akina Yukali wanaweza kutokea wakati wowote. Ukijua hilo sura inajiandika. Niliimaliza usiku mmoja, mkono wa kulia nimeuegemeza kwenye mto, na wiki mbili nzima sikuweza kuandika juu ya ubao, darasa liliandika kwa imla.

Kuhusu katani: najua, najua. Mkonge ni mmea wa Mexico, Mjerumani aliuleta Tanganyika 1893, Ebedmeleki hakuwahi kuuona. Kwenye kitabu nimeandika kamba tu.

Mzee mmoja wa kanisa alinionya kwamba naongeza maneno kwenye Biblia, akanisomea Ufunuo 22. Nikampa sura tatu asome. Akazirudisha baada ya siku nne, hakusema kitu kuhusu Ufunuo, aliuliza tu kama huyo Mkushi alipona mji ulipoanguka. Nikamwambia asome Yeremia 39, ahadi iko pale.

Kitabu nilichapisha mwenyewe, nakala mia tatu, milioni moja na ushee ukijumlisha na chai za kusukuma mambo pale kiwandani. Zimebaki kama arobaini, ziko chini ya kitanda. Fundi nilimpelekea yake bure. Akaigeuza geuza, akauliza, "Mimi nimo?" Nikamfungulia sura ya tisa, yule mtu wa thelathini anayelalamika kwamba hakuna aliyemwambia malipo ni kiasi gani. Akasoma polepole na kidole, akacheka, alafu akaniambia wale vijana wawili waliokuwa wanapita sikuwalipa.