Mlango wa nyuma wa kushoto

Mjomba aliponiachia ile Corolla ya mwaka 1989 alinipa sharti moja: nisiiguse bodi kabla yeye hajaikagua. Injini haikuwa na shida. Shida ilikuwa ubavu wa kushoto. Ukingo wa chini wa mlango wa nyuma rangi ilikuwa imevimba, na kwenye madigadi inayofuata kulikuwa na mstari wa hudhurungi uliorudi kila nilipoufuta. Kwa macho yangu hiyo ilikuwa kazi ndogo. Msasa kidogo, puti kidogo ya kujazia, rangi, basi.

Mjomba akaja na sumaku. Wala haikuwa kifaa cha fundi, ilikuwa ile bapa inayofungia milango ya makabati. Aliiviringisha kwenye kitambaa chembamba isikwaruze rangi, akaanza kuiburuta kutoka kwenye kitasa kwenda chini. Juu ilishika vizuri, hadi kuibandua ulikuwa unatumia nguvu. Katikati ikaanza kulegea. Chini ya utepe wa plastiki wa ubavuni ikateleza na kudondoka.

"Haishiki kabisa, Mjomba."

"Basi hapo hakuna gari, mpwa wangu. Hapo kuna puti iliyopakwa rangi."

Alinipa penseli, akawa anaburuta sumaku nami nafuata nyuma nikichora mpaka wa pale inapolegea. Tulipomaliza, ubavu mzima ulikuwa umechorwa visiwa, na kisiwa kikubwa kilianzia kwenye ukingo wa mlango, kikaruka upenyo, kikaendelea kwenye madigadi hadi juu ya gurudumu. Rangi ya nje ilikuwa haijaonyesha hata robo ya hayo.

Tukavaa miwani na barakoa, tukawasha grinda. Chini ya rangi nyeupe ilitokea praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, chini yake puti ya waridi, chini yake tena puti nyingine ngumu yenye nyuzinyuzi. Puti ya bodi inatakiwa iwe nyembamba, milimita tatu hivi ukizidisha sana, kwa sababu kazi yake ni kusawazisha bati, si kuchukua nafasi ya bati. Ile tuliyokuwa tunaichimba ilikuwa na unene wa kidole. Halafu diski ikaacha kutoa vumbi ikaanza kutoa vipande laini vya kahawia. Nikazima grinda, nikaingiza bisibisi, nikavuta. Gazeti. Lilikuwa limekunjwakunjwa na kushindiliwa ndani ya tundu, likalowa, likakauka, likalowa tena miaka nenda rudi, na bado safu ya michezo ilisomeka nusu.

Sijui nani alifanya kazi ile, na Mjomba mwenyewe alilinunua gari likiwa hivyo. Lakini nilimwona akiligeuza lile donge la gazeti mkononi kwa muda kisha akalitupa bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza. Kinachoudhi ni kwamba aliyeshindilia lile gazeti hakuwa mtu asiyejua. Mistari ya bodi aliichonga vizuri mno. Mkono wa kusawazisha puti alikuwa nao, na huo hauji kwa bahati. Alichokosa ni nia ya kukata bati bovu.

Tulipofungua ubao wa ndani wa mlango ndipo tukaona chanzo. Watu wengi hudhani mlango wa gari hauingii maji. Unaingia, na umetengenezwa ukijua hivyo. Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye mpira unaofuta kioo, huteremka ndani ya mlango, hutoka kwa matundu madogo yaliyoachwa kwenye ukingo wa chini. Kwenye mlango wetu matundu yote yalikuwa yamezibwa, mengine kwa puti, mengine kwa ile rangi nzito nyeusi ya chini ya gari. Juu yake kulikuwa na tope la vumbi na majani yaliyooza, bichi, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Kutu ilikuwa imeanzia ndani ikala bati kwenda nje. Ule uvimbe niliokuwa nikiuona kwenye rangi ulikuwa hatua ya mwisho ya ugonjwa, nami nilikuwa nataka kuupaka puti.

Tukakata. Hapa Mjomba hakutaka huruma: unakata hadi ufike kwenye bati linalong'aa, lenye unene wake kamili, hata kama tundu linatisha. Nilitengeneza vielelezo kwa karatasi ya boksi, nikavihamishia kwenye bati la milimita 0.8, ambalo linakaribiana na la bodi yenyewe. Ukingo wa chini tuliukunja taratibu kwenye pembe ya meza ya chuma, na kabla ya kitu chochote kingine Mjomba akatoboa matundu mapya palepale yalipokuwa ya zamani.

Kuchomelea alifanya yeye. Tulichomoa betri, tukatoa kiti cha nyuma na zulia lote, mimi nikasimama upande wa ndani na kitambaa kibichi na ndoo ya maji. Hakuchora mstari mmoja mrefu wa moto. Alidona nukta moja mwanzo, moja mwisho, moja katikati, akasubiri ipoe, akarudi. Bati jembamba likipata joto la mfululizo hujikunja, na likishajikunja utalisawazisha hadi uchoke. Subira ile ilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Sehemu niliyoipenda ilikuwa nyundo. Juu kidogo ya kiraka palikuwa na mbonyeo wa zamani, mpana na wa kina kifupi, nao ulikuwa umejazwa puti badala ya kunyooshwa. Nilishika pande la chuma kwa ndani na nyundo ya uso bapa kwa nje. Ukigonga pale hasa pande lilipo, bati linabanwa katikati ya vyuma viwili, linatanuka. Ukigonga pembeni kidogo ya pande, kilichoinuka kinashuka na kilichozama kinapanda, bila kutanuka sana. Tofauti hiyo unaisikia kwanza kwa sikio: pigo la juu ya pande linalia kwa ukali, la pembeni linatoa mlio mzito. Mjomba alikaa kwenye kiti kwa mbali na kila nikikosea mahali alisema "siyo hapo" hata kabla sijainua nyundo tena, kwa sababu alikuwa anasikiliza, hatazami. Bati likitanuka kupita kiasi hukosa pa kwenda, ukilibonyeza linaingia na kurudi kwa mlio, na kulirudisha kunataka moto. Tulifika karibu na hapo. Mjomba akanyang'anya nyundo, akasema ilipofikia inatosha, kilichobaki ni cha puti.

Puti sasa ilikuwa na haki ya kuwepo. Bati lilikuwa limekwaruzwa kwa msasa namba 80, ule mkali (namba ikipanda msasa unalainika), ili lishike, limefutwa mafuta kwa thina. Nilichota puti nikaiweka kwenye kipande cha kioo, nikakamua hadina nyekundu, ile dawa ya kuigandisha, kiasi cha sehemu mbili kwa mia. Mtu mwenye haraka huongeza hadina ili ikauke upesi. Ikizidi, ile dawa iliyobaki bila kazi hupanda juu na kutia doa kwenye rangi, na kwenye gari jeupe doa hilo litakucheka. Ikipungua, puti inabaki inanata milele. Unaikandamiza kwa kibapa badala ya kuikoroga, maana kukoroga kunaingiza hewa, na hewa ndiyo vile vitundu vidogo utakavyovilaani baadaye. Rangi ikishakuwa ya waridi moja bila michirizi, una dakika chache tu, na kukiwa na joto ni chache zaidi. Ilianza kuganda nikiwa sijamaliza ukingo. Iliyobaki kwenye kioo ilipata moto hadi nikaisikia kwa kiganja.

Kuhusu msasa nitasema kidogo tu, ingawa ndio ulikula muda wote. Ni kibao kirefu, si vidole, kwa sababu vidole vinachimba mifereji. Unapiga mshazari kushoto, mshazari kulia, namba 80, kisha 180, kisha 320, bila maji, kwa kuwa puti hunywa maji na kuyatunza mpaka siku ya kukuaibisha. Kila baada ya muda nilifumba macho nikapitisha kiganja cha kushoto juu ya kitambaa chembamba. Cha kulia kina sugu, hakihisi kitu. Kwa macho mlango ulikuwa umenyooka. Kwa kiganja kulikuwa na bonde pale kiraka kilipoungana na bati la zamani, na kiganja ndicho kilikuwa sahihi. Baada ya praima nilipuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, nikapitisha kibao tena chenye msasa namba 400. Palipoinuka peusi pakafutika mara moja, palipozama pakabaki peusi. Bonde likajichora lenyewe. Nikarudi kwenye puti.

Rangi nayo ilikuwa na hadithi yake. Kibao cha taarifa chini ya boneti kilisema 040, ile nyeupe ya kawaida kabisa ya Toyota. Nilidhani nyeupe ni nyeupe. Ukichanganyiwa rangi kwa namba, unapata gari lilivyotoka kiwandani, na hilo letu lilikuwa limeshakaa juani miaka mingi. Nilipuliza kwenye kipande cha kadi, nikakiacha kikauke, nikakiegemeza kwenye mlango wa mbele. Kadi ilikuwa na ubaridi wa samawati, mlango ulikuwa umeelekea kwenye krimu. Tukaongeza tone la njano, kadi nyingine, tone la nyeusi, kadi nyingine. Mjomba alinikataza kulinganisha kivulini. Tulizitoa nje, tukazitazama kwa mbele, kisha kwa ubavu, jua likiwa juu na likiwa limeinama. Hatukuipata kamili. Tuliipata ya kutosha kwa mtu asiyetafuta kasoro.

Nilitaka ile rangi ya kuchanganya na hadina, inayong'aa yenyewe. Mjomba alikataa katakata, na alikuwa na sababu. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haitoshi. Inahitaji kofia yenye hewa safi ya kuletwa kwa bomba. Sisi tulikuwa na kompresa ndogo na mlango wazi. Tukatumia akriliki inayokauka kwa hewa, tukavaa barakoa zenye kichujio cha mkaa, tukakubali kwamba mng'ao tutautafuta kwa mikono.

Asubuhi ya kupiga rangi tulimwagia sakafu maji vumbi lilale, kisha tukakaa bila kufanya kitu, kwa sababu hewa ilikuwa na unyevu, na rangi ya aina ile ikikauka kwenye unyevu hugeuka ya maziwa. Jua lilipopanda nikaanza. Bunduki ya rangi sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, kifyatuo kikianza kabla ya ukingo na kuachiwa baada ya kuuvuka. Mkono wote unatembea, kiwiko hakizunguki. Koti la kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, lilikuwa vumbi tu la kushikiza, huoni hata kama umefanya kazi. Hapo kishawishi ni kikubwa cha kuongeza, na ukiongeza inachuruzika. "Liache bati linywe," Mjomba akawa anasema kila nikinyanyua bunduki mapema. Kwenye koti la tatu mdudu mdogo alitua katikati ya mlango akaanza kutembea. Nilinyoosha kidole.

"Mwache! Atakufa hapo, utamtoa kwa msasa. Kidole chako hutakitoa."

Rangi ilipokauka uso ulikuwa na vinundu kama ganda la chungwa kutoka mwisho hadi mwisho, jambo la kutarajiwa. Tuliiacha ikomae kwanza. Kisha tukabandika utepe kwenye kingo zote kali, maana huko rangi ni nyembamba na msasa hupenya kabla hujashtuka, tukapiga namba 1500 kwa maji ya sabuni, halafu 2000, halafu dawa ya kung'arisha kwa kitambaa. Mlango ulififia kabisa, ukawa wa kijivu wa kukatisha tamaa, kisha sehemu ndogo ya ukubwa wa kiganja ikaanza kuonyesha fremu ya dirisha la nyumba. Mdudu alitoka kama alivyoahidiwa, akaacha alama ambayo mimi peke yangu naijua ilipo.

Ndani ya mlango tulipuliza nta ya kuzuia kutu hadi ikadondoka chini. Nilikuwa tayari nimeshika ubao wa ndani nikitafuta vibanio vyake, Mjomba akanizuia. Akaenda akarudi na jagi la maji, akalimimina polepole kwenye mpira wa kioo. Mimi nikapiga magoti na tochi. Tundu la mbele lilitoa maji mara moja. La nyuma pia. La katikati lilitoa tone, likasita.

"La katikati limezibika," nikasema.

"Praima hiyo, au nta. Chukua waya."

Nikachokonoa kwa chini, maji yakanimwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko, meupe kidogo kwa vumbi la puti. Akamimina jagi la pili. Safari hii matundu yote matatu yalitoa maji pamoja, akanipa ubao niufunge.