Injini hii haitoki

Kila fundi anayefungua boneti ya Land Rover yangu hapa Arusha ananishauri nitoe injini nifunge ya Toyota. Nawaelewa. Ya Kijapani ina nguvu na spea zake zimejaa kila duka. Lakini hii ni Series III, 109 (inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), na injini yake ya petroli ya lita 2.25 ndiyo iliyotoka nayo kiwandani Solihull, Uingereza. Haitoki.

Chukua kazi ya kuseti valvu, yaani milango midogo inayoingiza hewa na petroli na kutoa moshi. Zipo nane. Unazungusha injini kwa mkono mpaka valvu ya 8 ifunguke yote, ndipo unarekebisha ya 1. Ikifunguka ya 6, unarekebisha ya 3. Kila mara namba hizo mbili zikijumlishwa unapata 9. Nafasi kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma, ni inchi 0.010, injini iwe moto iwe baridi. Kijana wa jirani anayejifunza ufundi alishika mpango huo asubuhi moja tu, na siku hizi anasikiliza injini akiwa nje ya geti ananiambia tapeti inagonga, yaani nafasi hiyo imezidi. Injini inayomfundisha mtu hivyo niitupe kwenye chuma chakavu?

Ila isipewe spana yoyote iliyo karibu. Nati nyingi ni za inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inacheza kidogo, na ukikaza inakula kona zote. Nunua seti ya inchi kwanza, rangi baadaye.

Rangi yenyewe inadanganya sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, ndiyo maana Land Rover ya 1948 ilivikwa bodi ya aloi ya alumini, na desturi hiyo ikaendelea. Basi watu wanasema gari hili halishiki kutu. Linashika! Fremu ni chuma, na ule ukuta unaobeba dashibodi nao ni chuma. Nilipofungua sakafu, pembe za chini za ukuta huo zilipukutika kwa kidole. Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma kizima, tukachomelea bati jipya. Hakuna kuziba kwa fila, ule udongo wa kusawazisha bodi, pale. Miguu ya dereva iko hapo hapo.

Na popote alumini inapolalia chuma, maji yakiingia alumini inaanza kutoa unga mweupe na kuliwa. Nimesafisha kila kiungo, nikapaka rangi ya zinki upande wa chuma, nikatandika vipande vya mpira wa tyubu kabla ya kufunga bolti.

Inayofuata ni kabureta ya Zenith, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Uso wa chini ya mfuniko wake umepinda, ugonjwa wa kawaida wa Zenith hizi, na mafuta yanapita pasipotakiwa. Nimeshapata kioo kinene na msasa laini wa maji. Nitausugua juu yake taratibu mpaka ukae sawa.