Wiki Tatu za Rangi Nyekundu

Wiki tatu mfululizo chupa zangu zilibaki nyekundu. Nilikuwa napima LinB, kimeng'enya cha bakteria wa Japani, Sphingobium japonicum UT26, anayekula lindani, kiuatilifu chenye klorini. Nilikichagua kwa ajili ya Vikuge, Kibaha, ambako viuatilifu vilivyoletwa mwaka 1986 viliozea ghalani hadi udongo ukajaa viuatilifu vya DDT na HCH. Lindani ni sura mojawapo ya HCH.

Kipimo chenyewe si kigumu. Klorini iking'olewa, asidi hutoka, na fenoli nyekundu, rangi ya kupimia asidi niliyoitia chupani, hugeuka njano. Yangu haikugeuka. Mwenzangu wa maabara akasema, "Dada, hicho kimeshakufa, andaa kingine." Nikaandaa. Nyekundu vilevile.

Kosa la kwanza naona aibu kulisema. Kimeng'enya nilikihifadhi kwenye bufa ya fosfeti, milimola 50, nikakimimina hivyohivyo. Kazi ya bufa ni kumeza asidi, nami nimekaa nasubiri asidi ionekane! Nikakipitisha kwenye safu ya kuondoa chumvi, nikakiacha kwenye HEPES, bufa nyingine, ya milimola 1 tu. Safari hii tone la asidi hafifu liligeuza chupa ya majaribio papo hapo. Chupa za kimeng'enya, bado.

Basi nikatazama chakula nilichokipa. Nilikuwa natumia 1,2-dikloroetani, kemikali ndogo yenye klorini mbili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kabatini na ndiyo mfano unaopendwa na vitabu. Lakini mfano ule ni wa DhlA, kimeng'enya cha Xanthobacter autotrophicus GJ10. Nilipakua miundo ya vimeng'enya vyote viwili kutoka hifadhidata ya protini (DhlA ni 2DHC, LinB ni 1CV2), nikailaza mmoja juu ya mwingine kwenye kompyuta. Kiunzi kikuu kinalingana, na amino asidi zinazofanya kazi ni zilezile: asidi aspatiki inashambulia kaboni na kuisukuma klorini nje, kisha histidini inachochea maji yamalizie kazi. Tofauti kubwa iko kwenye kifuniko na tundu lililo chini yake. Kwa DhlA tundu ni finyu, na amino asidi mbili za triptofani, ya 125 na ya 175 kwenye mnyororo wake, zinaibana klorini. Kwa LinB ni pana, na wanaoshika klorini ni triptofani 109 na asparajini 38. Nikajiambia: dikloroetani ni ndogo mno humo, imepwaya.

Nikaomba 1-kloroheksani, yenye mkia mrefu. Njano! Nikajipongeza mapema. Kwa ushamba wa kutaka uhakika, nikajaribu pia 1,2-dibromoetani (ndani ya kabati la hewa, maana ni sumu kali), ambayo umbo lake ni lile lile la dikloroetani ila ina bromini. Nayo ikageuka njano, tena haraka. Maelezo yangu ya tundu kupwaya yakapata doa: bromini hung'oka kirahisi kuliko klorini, na hilo halionekani kwenye picha ya muundo hata uigeuze vipi. Nilifuta ukurasa mzima wa rasimu usiku ule.

Mwenzangu alipita asubuhi, akazitazama zile chupa. "Kumbe kilikuwa na njaa tu," akasema, akaenda kunywa chai.