Kelele za Ukumbini kwenye Tamasha la Filamu za Kutisha, Brussels

Aprili hii nilihudhuria Tamasha la Kimataifa la Filamu za Ajabu la Brussels, linalojulikana kwa kifupi kama BIFFF, lililoanzishwa mwaka 1983 na ambalo tuzo yake kuu ni Kunguru wa Dhahabu. Filamu zenyewe zilinitisha kiasi. Walionishangaza zaidi ni watazamaji.

Kwenye majumba mengi ya sinema anayenong'ona hukaziwa macho, lakini hapa kelele ndiyo desturi. Mhusika akiingia ndani na kuacha mlango wazi, ukumbi mzima humkemea kwa Kifaransa aufunge; muuaji akinyemelea, mhusika huonywa kwamba muuaji yuko nyuma yake; na mwezi ukijitokeza kwenye skrini, watu wazima wenye heshima zao, baadhi yao wakiwa bado na tai za kazini, hulia kama mbwamwitu. Nami nililia, tena kwa sauti.

Hata hivyo, naona desturi hii huzifaa zaidi filamu dhaifu, kwa kuwa utani wa ukumbi huziba mapengo ya hadithi, ilhali filamu inayojenga hofu taratibu kwa ukimya huharibiwa kabisa.

Nje ya filamu kuna mashindano ya kupaka miili rangi, pamoja na Dansa ya Wanyonya Damu, ambako huingii bila vazi la kutisha. Anayependa ghasia achague maonyesho ya usiku. Anayetaka kuisikia filamu na aende mchana.